Atakayeinamisha Macho Kwanza

Kazi ya Lenzi ilikuwa kutazama watu machoni. Aliwatazama tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, vijana kwa wazee, wenye macho mekundu na wenye macho ya usingizi, akiwashikia kirula kidogo juu ya pua apime nafasi iliyopo kati ya mboni na mboni, kwa sababu miwani isiyofuata kipimo hicho humtia mtu kizunguzungu. Kwake yeye macho yalikuwa kama viatu kwa fundi viatu. Wapo wateja waliojaribu kumkonyeza kirula kikiwa bado puani, naye aliwaambia tu, "Usipepese, baba, utanipotezea kipimo." Jina lenyewe la Lenzi alibandikwa na kaka yake kwa utani, likamganda mpaka mama mzazi akalizoea.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kushindwa na macho mawili ya fundi wa lifti. Mapenzi hayana adabu.

Jumatano hiyo, duka likiwa limetulia, mama yake aliingia akiwa ameshika miwani yake mkononi kana kwamba ameikamata ikiiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii kitu inanidhalilisha. Nikiinama kufagia, chini. Nikiinama kumsalimia mtoto, chini. Jana imemwangukia mtoto wa jirani usoni, kalia kama kapigwa."

Lenzi alicheka, akamvutia kiti. Akaipasha mikono ya miwani kwenye kijimashine cha hewa ya moto, akaanza kuikunja taratibu kwa vidole gumba. Mama alimtazama anavyofanya kazi. Alikuwa na lake, na Lenzi alijua, maana mama yake hakuwa mtu wa kupanda ngazi za duka lile kwa ajili ya miwani tu.

"Jumapili wanakuja," mama akasema.

"Kina nani?"

"Usijifanye hujui. Watu wa Mfamasia."

Mfamasia alikuwa na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu mzuri. Alisalimia, alicheka, aliuliza habari za nyumbani na akangoja ajibiwe. Lenzi alikuwa amemtafutia kasoro kwa bidii zote asiione, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kasoro yenyewe.

"Mama, nilikuomba univumilie kidogo."

"Nimekuvumilia mpaka uvumilivu umeota kutu. Huyo rafiki wa kaka yako, Kimya wako, ameshasema neno?"

Lenzi akaigeuza miwani, akaiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Nakuuliza, amesema?"

"Hajasema."

"Haya."

"Lakini mama, ungemwona anavyonitazama..."

"Kutazama!" Mama akapiga paja lake. "Hata paka anatazama. Kaa chini, mwanangu. Nataka nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata kaka yako."

Lenzi akakaa. Miwani ilikuwa bado na joto mkononi mwake.

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakunitukana, mshahara wake niliuona wote. Lakini alikuwa hasemi. Nimeishi naye mpaka nikaota mvi, nakisia tu. Leo amefurahi? Nakisia. Chakula amekipenda? Nakisia. Siku ya mazishi yake, anakuja mzee mmoja wa kazini kwao, ananishika mkono, ananiambia, 'Shemeji, pole sana. Marehemu alikuwa hamalizi siku bila kukusifu. Alikuwa akisema bila mke wangu, mimi si kitu.' Unasikia? Hamalizi siku! Watu wa kazini wote walijua kwamba napendwa, isipokuwa mimi."

"Mama..."

"Niache nimalize. Watu waliniona nalia siku ile, wakadhani ni msiba peke yake. Ilikuwa hasira, Lenzi. Nilimkasirikia maiti." Alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta jasho. "Kijana wako simchukii. Muziki wake wa kuunguruma sina neno nao. Ila sitaki na wewe uje uambiwe na watu baki kwamba ulikuwa unapendwa."

Lenzi alimjua baba yake kama mtu wa kukaa kibarazani na redio, na hakuwahi kufikiri kwamba ukimya ule ulikuwa na mtu mwingine upande wa pili, anangoja.

"Kesho mnapiga hicho kitu chenu cha magitaa," mama akaendelea. "Kaka yako atanileta. Nitakaa, nitasikiliza, hata kichwa kikiniuma. Mpaka mtakapomaliza, kama huyo kijana hajafungua kinywa chake akasema jambo la kueleweka, Jumapili utakuja sebuleni uwasalimie wageni, na wakileta neno utalikubali. Tumeelewana?"

Lenzi alimvisha mama yake miwani. Akairekebisha nyuma ya sikio hili, kisha lile. Walitazamana kwa karibu sana, na macho ya mama yalikuwa makubwa na yenye maji nyuma ya vioo.

"Tumeelewana, mama," akasema.

Moyo ukamwambia, umejifunga mwenyewe.

*

Sasa huyo Kimya. Alikuwa rafiki wa kaka yake Lenzi tangu wanavaa kaptura, na jina lake alilipata hukohuko utotoni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vidole vinavyonukia grisi hata baada ya kuoga, na kazi yake ilikuwa kushuka ndani ya mashimo ya lifti za majengo marefu na kuhakikisha watu wanapanda na kushuka salama. Siku moja umeme ulikatika akiwa katikati ya ghorofa na ghorofa. Akakaa gizani juu ya paa la lifti. Upepo ukaingia shimoni, kamba za chuma zikaanza kuvuma, kila moja na sauti yake, halafu zile sauti zikakutana zikazaa sauti nyingine ambayo haikuwa ya kamba yoyote. Umeme uliporudi, yeye hakutaka kushuka.

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuyasema kwa mfululizo, na aliyasema mbele ya kaka yake Lenzi, Lenzi akiwa jikoni anasikiliza mlango ukiwa wazi. Sufuria iliungua.

Toka hapo akatunga kile kitu. Magitaa manane ya umeme, basi, bila ngoma wala mwimbaji. Kila gitaa nyuzi zake zote sita zilikazwa zitoe sauti moja tu. Hakukuwa na mapigo ya kucheza. Mpigaji alizipapasa nyuzi kwa ncha za vidole, akaongeza sauti kidogo kidogo, mpaka gitaa likaanza kuvuma lenyewe mbele ya spika yake, na yeye akawa kama mtu aliyeshika mnyama anayekoroma.

Walifanyia mazoezi katika ghala la magodoro la shangazi yake Lenzi, ghorofani, baada ya saa za kazi, kwa sababu magodoro humeza kelele na majirani hawalalamiki. Shangazi mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wanane. Ujanani alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi, akaacha alipoolewa, akarudia alipoachika, na kwa yote mawili hakujuta. Kaka yake Lenzi alikuwamo pia, na kinyozi wake, na mwalimu mmoja wa hesabu, na wengine wawili waliokuja kwa kupenda sauti tu. Lenzi alifundishwa gitaa na shangazi tangu mdogo. Kimya mwenyewe alikuwa wa nane.

Walisimama kwa duara, wawili wawili wakitazamana kutoka upande huu hadi upande ule. Hakukuwa na mtu wa kuwaongoza. Sheria ilikuwa moja. Wewe na mwenzako mnatazamana machoni huku sauti ikivuma, na yeyote kati yenu atakayeinamisha macho kwanza ndiye anayehamia sauti inayofuata. Mwenzake anamfuata. Hapo ndipo wawili wengine wanapopata ruhusa ya kuhama, kisha wengine, hadi duara liishe na kuanza upya. Wawili wakigoma, wote wanangoja. Na mwisho nao ulikuwa na sheria yake: gitaa moja likinyamaza, kwa sababu yoyote ile, mengine yanazimwa moja baada ya jingine.

Kimya ndiye aliyepanga nani amtazame nani. Akampanga Lenzi atazamane naye. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza, ingawa kinyozi alikohoa.

Jumatano hiyo, mazoezi ya mwisho, magodoro yalikuwa yamerundikwa mpaka karibu na dari, na jua la jioni lilipenya katika madirisha ya juu likaangukia mifuko yake ya nailoni. Ghala zima likawa na mwanga wa maziwa. Magitaa yalipoanza kuvuma, Lenzi aliisikia sauti ikimpanda kutoka miguuni, ikapita magotini, ikatulia tumboni. Ilikuwa kama kuingizwa ndani ya maji ya uvuguvugu na mtu unayemwamini. Ng'ambo ya duara, Kimya alikuwa akimtazama.

Macho yake hayakuwa mazuri kwa kipimo cha dukani. Moja lilikuwa dogo kidogo kuliko jingine. Lakini yalimtazama Lenzi bila haraka na bila aibu, kama mtu anayesoma jambo alilolingojea muda mrefu, naye Lenzi, aliyewatazama mamia ya watu bila kupepesa, alihisi shingo ikipata moto. Zamu yao ikafika. Hakuweza kustahimili hata pumzi mbili. Akainamisha macho, akahama sauti, Kimya akafuata, duara likaendelea.

Ikawa hivyo kila zamu. Siku zote ilikuwa hivyo.

Walipomaliza, wengine walianza kuteremsha amplifaya kuzipakia kwenye gari la magodoro. Kimya alibaki akikunja waya. Lenzi alibaki akijifanya anafuta gitaa lake.

"Unawahi," Kimya akasema.

"Nini?"

"Kuinamisha. Sauti haijakomaa, wewe umeshaondoka."

Hilo ndilo neno alilochagua kusema, siku ile, saa ile. Lenzi aliweka kitambaa chini.

"Basi inamisha wewe kwanza."

Kimya akakunja waya.

"Kimya, nikuulize kitu, na leo unijibu. Tukikutana njiani, nani huanza kusalimia?"

"Wewe."

"Simu, nani hupiga?"

"Wewe, lakini..."

"Siku ile ya mvua, nani aliyesema tusimame kibarazani tuongee mpaka iishe?"

"Wewe, Lenzi."

"Na mvua ilipoisha, nani aliyesema bado inanyesha?"

Kimya akatabasamu kidogo. "Wewe."

"Unacheka. Mimi nimechoka. Kila jambo baina yetu nimelianza mimi, mpaka najiuliza kama kuna 'baina yetu' au niko peke yangu najisemesha." Akakiokota kitambaa, akakikunja. "Jumapili kuna watu wanakuja nyumbani."

Mikono ya Kimya ikasimama.

"Watu gani?"

"Unawajua watu gani. Mama amenipa mpaka kesho, tukimaliza kupiga. Sikulazimishi useme. Nakupa habari tu. Ila kesho mimi sianzi. Salamu sianzi. Maneno sianzi. Na macho yangu hayatainama kwanza. Ukitaka tukeshe humo ukumbini, tutakesha."

"Lenzi."

"Nakusikiliza."

Alimsikiliza kweli. Alimsikiliza kwa mwili mzima. Kimya alifungua kinywa, akameza mate, akautazama waya mkononi kana kwamba neno limeandikwa juu yake. Lenzi aliliona neno lenyewe likipanda kooni mwake, likifika karibu na meno.

"Fundi lifti!" kaka yake Lenzi alipiga kelele kutoka chini. "Umekwama ghorofa ya ngapi? Lete waya, gari linaondoka!"

Na Kimya, ambaye hakuwahi kumngojesha mtu katika maisha yake isipokuwa Lenzi, akashuka.

Lenzi alikaa juu ya godoro la kwanza alilolikuta, akalia mpaka nailoni ikalowa. Shangazi alipanda kuzima taa, akamkuta. Alikaa kando yake, godoro likabonyea, na bega la Lenzi likaangukia la shangazi lenyewe.

"Hili ni la sponji nzito," shangazi akasema. "Limeshaliliwa na wengi. Halidhuriki."

*

Ukumbi ulikuwa wa maktaba, mrefu, wenye madirisha yanayotazama magharibi. Wanane walisimama katikati, watazamaji wakawekewa viti kuwazunguka. Waliokuja hawakuwa wengi, wala hawakuwa haba. Mama yake Lenzi alikaa mbele kabisa, mkoba magotini, miwani imenyooka puani, sura ya mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Alikuwa nyuma ya bega la kushoto la Lenzi, kiasi kwamba Kimya, akimtazama Lenzi, hakuwa na budi kumwona na mama.

Kimya alikuwa amevaa shati jeupe. Hakusalimia. Lenzi naye, kama alivyoapa, hakusalimia.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa shangazi, nyembamba, ikitafuta njia. Mwalimu akaifuata, wakatazamana, mwalimu akainamisha macho kwa heshima kama kawaida yake, wakahama. Kinyozi na kaka wakahama. Wale wawili wa mwisho wakahama. Sauti nane zilikuwa zimejaa ukumbini sasa, zimelaliana, vioo vya madirisha vikiitikia kwa mbali. Jua lilikuwa limeingia ndani lote. Vumbi lilielea kwenye mwanga wake, na Lenzi angeweza kuapa kwamba lilikuwa likielea kwa kufuata mlio.

Zamu yao ikafika.

Lenzi akamtazama Kimya. Shingo ikapata moto, kama siku zote. Akaiacha ipate. Machozi yalimlenga, akayaacha yalenge. Hakuinamisha.

Kimya akangoja. Alizoea kungoja pumzi mbili, na pumzi mbili zikapita, na nyingine, na nyingine. Lenzi aliona alipoelewa. Macho yale yasiyo sawa yalipanuka kidogo, halafu yakamwomba. Nayo ya Lenzi yakamjibu: sianzi.

Sauti ikagoma hapohapo. Wale sita wengine hawakuwa na ruhusa ya kuhama, wakabaki wanapapasa nyuzi palepale. Kaka alianza kumkata jicho dada yake. Kinyozi alitokwa na jasho. Watazamaji hawakujua kitu, walidhani ndivyo ilivyotungwa, na mmoja baada ya mwingine wakafumba macho. Na hapo, katika kule kugoma, jambo likatokea ambalo halikuwahi kutokea ghalani hata mara moja, kwa kuwa Lenzi alikuwa akiwahi. Sauti zikakomaa. Zilianza kusuguana, na kutoka juu yake ikazaliwa sauti nyingine, ya tisa, nyororo, kama watu wengi wanaoimba mbali sana nyuma ya kilima. Hakuna aliyeipiga. Kimya aliisikia, Lenzi alimwona anaisikia. Ndiyo hiyo aliyoikuta shimoni.

Kimya angeweza kuinamisha macho. Ilikuwa rahisi, kope mbili tu. Muziki ungeendelea, kila mtu angepumua, nao wawili wangeendelea vilevile kama jana na juzi, mmoja anatazama na mwingine anakisia. Lenzi aliliona wazo hilo likipita usoni mwa Kimya. Aliogopa. Aliogopa kwa dhati, maana alijua kwamba kope zile zikishuka, Jumapili yeye atakuwa sebuleni.

Kope hazikushuka.

Kimya akapiga hatua. Kisha nyingine. Akaja akikata duara katikati, gitaa kifuani, macho kwa Lenzi, na huyu fundi ambaye kila siku ya kazi hukagua kamba kabla ya kuweka mguu, hakukumbuka kwamba amefungwa kwa waya mfupi kwenye amplifaya yake. Waya ulinyooka. Ukakaza. Ukachomoka kwa mlipuko uliowafanya watazamaji waruke vitini, na gitaa lake likafa mikononi mwake.

Hakugeuka hata kutazama. Alifika mbele ya Lenzi, karibu kama mteja wa miwani, akasema. Magitaa saba yalikuwa yakivuma kuwazunguka, na midomo yake ilisema, ikasema tena, ikaendelea kusema.

Gitaa moja limenyamaza, na sheria ni sheria. Lenzi akazima la kwake kwa mkono usiojua unachofanya. Kinyozi akazima. Mwalimu akazima. Wale wawili wengine wakazima. Kaka, kinywa wazi, akasahau, shangazi akamwonyesha kwa kidevu, akazima. Wa mwisho alikuwa shangazi mwenyewe, naye hakuwa na haraka. Aliipunguza sauti yake kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Ukumbi ukanyamaza kabisa.

Ukweli ni kwamba Lenzi alikuwa ameelewa kila neno. Nani asiyeelewa midomo aliyoitazama mwaka mzima? Lakini nyuma ya bega lake alisikia mkoba wa mama yake ukilia zipu, ukifunguliwa na kufungwa.

"Sikusikia," akasema.

Kimya alitazama kando. Aliwaona watu wote wale. Rangi ilimhama.

"Hapa?" akanong'ona.

"Hapa."

Akavuta pumzi. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama lango lisilofunguliwa siku nyingi.

"Nimesema nakupenda. Nimesema hiki kitu chote nilikitunga ili nipate mahali pa kukutazama bila mtu kuniuliza namtazamia nini dada wa rafiki yangu." Akalisogeza gitaa kando. "Nimesema siinamishi kwanza kwa sababu sitaki kuacha kukuona. Na nimesema nisamehe. Lifti nikiikosea naishusha, nairekebisha. Neno nikilikosea nitalishusha vipi? Ndiyo maana nilinyamaza. Nilidhani nikinyamaza sitakosea, kumbe nilikuwa nakosea kila siku."

"Sema na lile la mwisho."

"Nimesema mvua ile, hata mimi nilijua imekwisha."

Lenzi akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujificha uso. "Mimi pia nakupenda," akasema. "Na hilo hukuhitaji kuambiwa, lakini nakwambia. Nitakuwa nakwambia."

Mtu mmoja kule nyuma alianza kupiga makofi. Shangazi alimgeukia kwa jicho moja tu, naye akaacha.

Kwa maana Kimya alikuwa amehama mbele ya Lenzi, amesimama mbele ya kiti cha mama, gitaa lake likining'inia bila waya. Aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi... Naomba ruhusa nije nyumbani. Nije na wazee wangu. Tuje Jumapili."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akarudi kutulia machoni. Alimtazama muda mrefu sana. Lenzi akajua kwamba mama hakuwa akimwona Kimya peke yake pale.

"Jumapili nina wageni," mama akasema.

Kaka yake Lenzi alishika kichwa. Kimya alisimama vilevile, mikono chini, hana pa kukimbilia wala hakutafuta.

Mama akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, kioo hiki, kisha kile, akaivaa tena.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Ili Jumapili nijue la kuwaambia."